Mashine imeona nikeli kwenye mawe ya chokaa ya Tanga, wazoefu wa eksirei njooni hapa

#1 Mtoto wa Raskazone
Wakuu kwema? Naombeni msaada kabla sijaaibika zaidi maana nusu ya aibu nimeshaila. Mimi ni fundi wa maabara huku Tanga, tuna mashine ya eksirei ya mezani, ile unasaga jiwe unaweka unga kwenye kikombe, tyubu inaupiga mionzi, kila elementi inajibu kwa eksirei zake, ditekta inazipokea inachora spektra (mchoro wa idadi ya mapigo kwa kila nishati) na programu inakupa asilimia.

Sasa wiki iliyopita kuna mzee kaleta mawe ya chokaa ya shambani kwake. Nikasaga nikapima, programu ikatema kalsiamu kibao (sawa), chuma kidogo (sawa), halafu nikeli asilimia 0.3. Na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia. Mzee hashikiki, ameshawapigia wanawe walioko Dar, anasema Kabanga (kule kwenye nikeli, Ngara) imehamia pwani, juzi kaja na jamaa ana mkoba anataka "ripoti yenye muhuri".

Ndo nikarudi kuiangalia spektra yenyewe kwa macho badala ya kusoma jedwali la asilimia tu. Kalsiamu iko 3.69 keV (ndo kipimo cha nishati ya eksirei), kilele kirefu kama mnazi. Hicho wanachokiita nikeli ni kichuguu kidogo, kipo kama 7.38. Kitabuni nikeli ni 7.48. Je kalibresheni imeyumba au? Lakini chuma kipo palepale 6.40, hakijasogea. Tyubu ya rodi (rhodium), ditekta ya silikoni, mkondo maikroampea 200. Nawasilisha.

#2 Mzee wa Kombolela
Ngoja waje wenye fani yao, mie nimeshatandika mkeka na kahawa ipo. Ila muulize mzee kama shamba anauza 😂

#3 Duka la Vipimo
Mkuu hiyo mashine imechoka. Tunazo mpya kabisa zinarekebisha kila kitu zenyewe, njoo inbox tuyajenge.

#4 Mwalimu Mstaafu
Mwanangu usinunue kitu. Chukua hiyo 3.69 yako uizidishe mara mbili, kisha urudi hapa.

#5 Mtoto wa Raskazone
Shikamoo mwalimu.

7.38

duh

#6 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Umeona sasa.

Ditekta haijui kilichomo kwenye jiwe, inachojua ni kupima umeme uliozaliwa ndani yake kila eksirei moja inapoingia. Fikiria mizani ya kliniki ya watoto. Mtoto mmoja akipanda unasoma kilo zake. Wawili wakirukia kwa mpigo unaandika mtoto mmoja mzito ambaye hajazaliwa na mtu. Eksirei mbili za kalsiamu zikiingia karibu mno, ndani ya sehemu ndogo ya milioni ya sekunde, umeme wake unaungana, mashine inaandika pigo moja la 7.38. Programu inatafuta jirani kwenye orodha, jirani ni nikeli, inaandika nikeli. Kwenye chokaa hii ni ajali inayojirudia sana kwa sababu kalsiamu ndiyo imejaa ukumbi mzima.

Usiniamini kwa maneno, pima. Weka mkondo 200, halafu 100, halafu 50, muda uleule. Nikeli ya kweli itashuka sambamba na kalsiamu, nusu kwa nusu. Hii ya kujumlika inahitaji wawili wakutane, kwa hiyo ukipunguza mkondo nusu yenyewe inashuka hadi robo.

Na uangalie 7.70. Kalsiamu ina mstari wa pili, 4.01. Wa kwanza na wa pili wakikutana unapata 7.70, kwa hiyo nikeli ya uongo inatembea na bega dogo upande wa kulia. Ya kweli haina bega pale, mstari wake wa pili uko 8.26.

#7 Mtoto wa Raskazone
Nimepima wakuu, sekunde 100 kila raundi, nimetoa mandharinyuma (mapigo ya chini chini yasiyo ya kilele), namba nimezungusha:

200: kalsiamu mapigo 2,400,000, "nikeli" 21,000
100: kalsiamu 1,200,000, "nikeli" 5,300
50: kalsiamu 600,000, "nikeli" 1,300

Robo na robo ya robo. Na bega la 7.70 lipo kweli, nilikuwa naliona kila siku nikidhani ni takataka. Sasa naanzaje kumwambia mzee??

#8 Mzee wa Kombolela
Kabanga ya pwani imezikwa saa nne asubuhi, matanga ni leo tu, mwenye mkoba apewe nauli

#9 Sonara wa Mtaa
Huu uzi umenigusa. Mimi napima dhahabu, nina kimashine kidogo. Kila nikipima waya wa shaba ule safi wa umeme kinanionyesha chuma kidogo, pete zenye shaba nyingi ndo hivyohivyo. Nimefanya hiyo ya mwalimu ya kupunguza mkondo, chuma kimeshuka sawasawa na shaba, nusu kwa nusu. Kwa hiyo changu ni chuma cha kweli si ndio? Maana kuna mteja nilimwambia pete yake imechanganywa na chuma tukakorofishana vibaya sana, mpaka leo akipita dukani anageuza shingo.

#10 Maabara_254
Hapana boss, usikimbie. Iko aina ingine ya uongo na hiyo haijali mkondo. Hebu soma hicho kilele chako kiko wapi exactly. Kama ni 6.40 ni chuma. Kama ni 6.31 utakuwa umemkosea mteja wako.

#11 Sonara wa Mtaa
6.31 😭

#12 Mwalimu Mstaafu
Pole sana fundi, nenda kamwombe radhi mteja.

Shaba inatoa 8.05. Ikiingia kwenye ditekta inagonga atomu ya silikoni, na hiyo silikoni nayo mara chache inatoa eksirei yake ya 1.74. Kawaida ile ya 1.74 inamezwa humohumo ndani, hesabu inabaki kamili. Lakini ikitokea karibu na uso wa ditekta inachomoka inakwenda zake, na inaondoka na 1.74 yake mfukoni. Kinachobaki kuhesabiwa ni 8.05 kutoa 1.74, yaani 6.31. Chuma kiko 6.40, tofauti ni eV 90 na ushee (keV moja ni eV elfu), na kilele chenyewe pale kina upana wa eV 130 na zaidi, kwa hiyo programu mvivu inawaona ni mtu mmoja.

Hao waliopoteza 1.74 tunawaita watoro. Na kwa kuwa kila shaba mia inatoa watoro kwa kiwango kilekile, ukipunguza mkondo vyote vinashuka pamoja. Ndiyo maana kipimo cha mkondo kimekudanganya. Kipimo hicho kinakamata kujumlika tu, mtoro hakimkamati.

Kwa shaba watoro ni kama wawili kwenye elfu. Kwa chuma kama watatu. Kwa kalsiamu wanakaribia mmoja kwenye mia. Kadiri eksirei inavyokuwa dhaifu ndivyo inavyomezwa juujuu karibu na uso, na aliye karibu na mlango ndiye anayetoroka kirahisi.

#13 Duka la Vipimo
Ndo maana nasema mashine zetu zinaondoa hayo automatiki

#14 Maabara_254
Zinaondoa, sikatai. Lakini zinaondoa kwa modeli ambayo mtu aliiweka kiwandani kwa ditekta fulani, ya unene fulani, na dirisha fulani. Ukibadilisha muda wa kuchakata pigo, ama ditekta izeeke, ama usukume mkondo mpaka mapigo yafurike, ile modeli haikujui tena. Mimi sitaki mashine iniondolee kitu bila kunionyesha imeondoa nini.

Wacha niandike vile tunafanya huku, itakuwa ndefu, mwenye haraka aruke.

Modeli ya ditekta ni kujibu swali moja tu: nikiituma eksirei ya nishati moja kamili, ditekta itachora nini? Mtu atasema itachora mstari. Haichori mstari. Inachora kengele, kengele iko na mkia kushoto, chini ya mkia kuna kibaraza kirefu kinaenda mpaka karibu na sifuri, alafu kando kuna mtoro wake, na mbali kule juu kuna wale wamejumlika. Hiyo familia yote ni ya eksirei moja. Ukishaijua familia ya kila mstari, spektra ya jiwe ni familia nyingi zimepangwa juu ya mandharinyuma, na kazi yako ni kutafuta kila familia ina ukubwa gani.

Upana wa kengele: watu wengi hapa ndio wanaharibu. Unakuta mtu amefungulia programu itafute upana wa kila kilele kivyake, alafu kilele kidogo kinajinenepesha kinameza jirani na unapata matokeo ya ajabu. Upana si wa kujichagulia. Silikoni inataka kama eV 3.65 kutoa jozi moja ya elektroni na tundu, kwa hivyo eksirei ya chuma ya eV 6404 inatoa jozi kama 1,750. Kama ingekuwa ni bahati nasibu tupu hizo jozi zingeyumba kwa mzizi wake, kama 42 juu na chini. Ugo Fano alionyesha 1947 kwamba zinayumba kidogo kuliko hapo, na kwa silikoni ile faktor yake ni kama 0.115, kwa hivyo unabaki na kuyumba kwa jozi 14 tu. Ukigeuza hiyo kuwa upana kwenye nusu ya kimo ni eV 122. Ongeza kelele za elektroniki, kwa mashine yangu ni kama eV 60, lakini haziongezwi kichwa kichwa, unajumlisha miraba alafu unachukua mzizi, unapata 136. Basi. Namba mbili tu, kelele na Fano, zinakupa upana wa kila kilele kutoka sodiamu mpaka fedha. Fungulia hizo mbili, zile zingine zifunge.

Mkia na kibaraza vinatoka kwa umeme ambao haukukusanywa wote, hasa eksirei ikiingia juujuu pale kwa tabaka la mbele. Unaweza kusema ni kitu kidogo na ni kweli ni kidogo, lakini kidogo ya mapigo milioni mbili si kidogo. Kwa chokaa ya huyu jamaa wa Tanga mkia wa kalsiamu unaangukia potasiamu pale 3.31. Usipouweka kwa modeli utampa mzee potasiamu ya bure.

Alafu ufanisi. Silikoni ya nusu milimita inashika kama asilimia 98 ya eksirei za 10 keV, lakini za 20 keV inashika kama 40 tu, zingine zinapita hivi kama hazijaona mtu. Upande wa nishati za chini dirisha la berili na hewa vinakula. Kwa hivyo urefu wa kilele peke yake haukuambii wingi.

Na uwiano wa mistari ya elementi moja uufunge. Udongo wetu mwekundu ndio ulinifunza hii. Risasi iko 10.55, arseniki 10.54. Hakuna ditekta ya silikoni duniani itatenganisha hao wawili, usipoteze usiku. Unaenda kwa mstari wa pili wa risasi, 12.61, unaufanya ndio shahidi. Ukifika hapo unakuta chuma kimejumlika na chuma, 12.81, kimekaa begani mwa shahidi wako! Sasa kama hauna modeli ya kujumlika, risasi inapanda, risasi ikipanda arseniki inashuka, na hakuna kitu kimebadilika kwa udongo. Nilikuwa nalia.

#15 Mzee wa Kombolela
Nilikuwa nakunywa kahawa sasa nimeiacha imepoa. Swali la mtu wa kawaida: si mtupie AI hizo spektra itambue yenyewe?

#16 Maabara_254
Itajifunza kutoka kwa spektra gani? Ama zile zimeandikwa majibu na programu iliyoona nikeli Tanga? 😅 Ama utaitengenezea spektra za kuigiza, na hapo unahitaji modeli ya ditekta tu. Unarudi palepale.

#17 Sonara wa Mtaa
Hii programu ya PyMca nasikia ikitajwa ndo inafanya hayo yote? Na ni bei gani?

#18 Mwalimu Mstaafu
Ni bure fundi, imetengenezwa na wale wa ESRF, maabara kubwa ya eksirei kule Grenoble, Ufaransa. Ina watoro, ina kujumlika, ina mkia na kibaraza, unaweka na unene wa ditekta na dirisha lake. Zamani sisi tulitumia programu ya QXAS iliyokuwa ikigawiwa na IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, skrini nyeusi, hakuna kipanya, ila kanuni zilikuwa hizihizi.

Ushauri mmoja tu, ukimaliza kulinganisha modeli na spektra usikimbilie namba ya ubora ile ya chini. Chora mabaki, yaani spektra kutoa modeli. Kila penye kilima kuna kitu umesahau, kila penye shimo kuna kitu umekitia ambacho hakipo. Nimesahihisha kazi za wanafunzi miaka mingi, wenye majibu ya ajabu karibu wote hawakuwahi kufungua mchoro wa mabaki. Na wengine walikuwa wanaripoti fedha kwenye udongo wa bustani, kumbe ni agoni ya hewani, 2.96, wakati mstari wa chini wa fedha ni 2.98. Agoni inakaribia asilimia moja ya hewa tunayovuta, sasa wao wamepima hewa.

#19 Mzee wa Kombolela
Kwa hiyo na mimi navuta fedha, safi sana, mjini hapa

#20 Mtoto wa Raskazone
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilimfuata mzee nyumbani, nikasema nae taratibu, nikamchorea mizani ya kliniki kwenye karatasi. Kanyamaza muda, kisha akauliza "kwa hiyo wewe ndo uliona vibaya au mashine?" nikasema mashine, akasema "mashine si yako?" Nikaishiwa. Basi.

Ila kumbe wanawe hawajakata tamaa, wamepata wachanganyaji wa chakula cha kuku wa mayai wanataka chokaa ya kusaga. Wanauliza vitu viwili, kalsiamu asilimia ngapi na fosforasi asilimia ngapi. Na programu, Mungu anaona, inasema fosforasi ipo. Safari hii sijafungua mdomo. Nimesoma kilele, kipo 1.95, fosforasi ni 2.01. Kalsiamu 3.69 toa 1.74...

#21 Maabara_254
Umeiva 👏 Lakini usiishie kwa kutoa. Hapo tofauti ni eV 60 tu na kengele pale ni 90, inaweza kuwa mtoro pamoja na fosforasi kidogo ya kweli chini yake. Mwenye kuku anajali hiyo kidogo.

#22 Mwalimu Mstaafu
Sahihi. Na mkondo hautakusaidia kama tulivyoona kwa sonara. Tafuta kalsiamu kabonati safi ya maabara, ile ya chupa, ipime kwa mpangilio uleule. Mle hakuna fosforasi ya kuhesabika, kwa hiyo kilele chochote cha 1.95 utakachopata ni mtoro mtupu. Huo uwiano ndio wa ditekta yako, si wa kitabu. Kisha usogeze kikombe cha jiwe mbali kidogo na ditekta. Eksirei za fosforasi zinaliwa vibaya na hewa, za kalsiamu kidogo tu. Fosforasi ya kweli itadhoofika kuliko kalsiamu. Mtoro yeye anazaliwa ndani ya ditekta, hewa haimgusi, atashuka sawa na mzazi wake.

#23 Mtoto wa Raskazone
Nimemaliza saa hii, umeme ulikatika mara mbili nikarudia yote.

Kabonati safi: kalsiamu mapigo 1,310,000, kilele cha 1.95 mapigo 11,700. Uwiano 0.89 kwa mia.
Jiwe la mzee: kalsiamu 1,200,000, kilele cha 1.95 mapigo 10,900.

Kwa uwiano wa kabonati jiwe lilitakiwa kuwa na watoro kama 10,720. Nimebakiwa na 180 hivi, na kosa la kuhesabu ukiweka na mandharinyuma iliyo chini yake ni kama 230. Kwa hiyo fosforasi haionekani. Nimesogeza kikombe kama alivyosema mwalimu, uwiano haukutikisika. Kwenye PyMca mabaki ya upande ule yamelala flati, isipokuwa kijilima pale 1.74 ambacho nadhani ni silikoni, sijui ya mchanga wa jiwe au ya ditekta yenyewe.

Kalsiamu nimelinganisha na kabonati nikapata kama asilimia 37. Kabonati safi ni 40, kwa hiyo jiwe ni kabonati kama 92 kwa mia. Safari hii nimeandika "fosforasi: haikuonekana kwa mashine hii", nikapiga muhuri.

#24 Mwalimu Mstaafu
Vizuri. Hicho kijilima cha 1.74 kitazame kwenye spektra ya kabonati safi, kama kipo na kule kwa kiasi kilekile basi ni tabaka la juu la ditekta linajipima lenyewe. Kikizidi kwenye jiwe, kinachozidi ndio mchanga.

#25 Mtoto wa Raskazone
Kwenye kabonati kipo kidogo, kwenye jiwe mara tano yake. Mchanga huo.

#26 Mzee wa Kombolela
Mchanga kuku wanakula pia, mwambie mzee asiutoe. Mayai tray shilingi ngapi huko Tanga?